Daktari Niliyemwonea Aibu

Mkwe wangu ni daktari wa kifua. Wanawake wa kanisa letu huku Kianjokoma wakisikia hivyo hunionea wivu. "Wewe una shida gani, daktari yuko nyumbani," wananiambia, nami naitikia, "Tunamshukuru Mungu," kisha nauliza habari za mvua. Hawajui kwamba kati ya madaktari wote wa nchi hii, huyo ndiye peke yake niliyeshindwa kukaa mbele yake na kusema ninapoumwa.

Ngoja nieleze, maana asiye wa kwetu atasema huyu mwalimu mzima ni mshamba. Mama yangu alikuwa akimwona mkwewe anakuja barabarani, anatumbukia kwenye majani chai na kikapu chake mgongoni mpaka kijana apite. Alinilea akinifunza kwamba mama mkwe halali kwa mkwewe, hapigi kelele mbele yake, wala hakai kichwa wazi akimwona. Mkwe naye haingii jikoni kwa mama mkwe, hata kama boma zima halina mtu na yeye anakufa kwa kiu. Siku hizi vijana wanapiga picha wamewakumbatia mama wakwe, na mimi siwalaumu, dunia ni yao. Lakini mwili wangu ulifunzwa zamani. Mkwe akitokea mlangoni, mkono unapanda wenyewe kichwani kuona kama kitambaa kiko.

Ugonjwa wangu ni wa usingizi. Nikilala, koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka kutafuta hewa, halafu pumzi inakatika tena, hivyo hivyo mpaka kunakucha, nami sijui lolote. Ninachojua ni mchana. Mchana nilikuwa nasinzia nimesimama ubaoni na chaki mkononi, watoto wa darasa la sita wamenyamaza wakingoja nimalize sentensi. Kwenye mazishi ya shangazi yangu nilikoroma mhubiri akiomba, watu wakadhani kuna mtu anazirai kwa huzuni. Mzee wangu, baba watoto, alikuwa anasema nikianza kukoroma kuku wa jirani wanahama. Tulicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha uongo. Mwanamke kukoroma, ai, hiyo ni aibu ya kumfanya mtu akatae kulala ugenini hata kwenye msiba.

Nairobi ndiko walikojua ni nini. Daktari mmoja mzee alinipa mashine ndogo ya kusukuma hewa, yenye bomba na maski ya kuvaa puani, akaniambia nitaivaa kila nikilala, na kila mwaka nitarudi kuangaliwa hata kama najisikia vizuri. Hasa nikijisikia vizuri, alisema. Mzee wangu alipoliona lile bomba akaliita mkonga. "Mwalimu, umevaa mkonga wako?" ananiuliza mpaka leo. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya kulala na huo mkonga, niliamka nikafikiri ni Krismasi. Siku hiyo nilichuna majani chai nikiimba, na mzee akauliza kama nimepata habari njema.

Yule daktari alipostaafu alinielekeza kwenye kliniki moja kule Meru, karibu na Makutano, akasema kuna kijana pale anayeijua kazi hii vizuri. Nikaenda, binti yangu wa mwisho akanisindikiza. Kijana mwenyewe alikuwa mtanashati, mpole, koti jeupe limenyooka. Aliniuliza yote. Kama nakoroma kwa sauti, kama mzee amehama kitanda, kama naamka mara kwa mara kwenda haja. Nikajibu, maana daktari ni daktari. Alinipandisha kwenye mizani akasoma kilo kwa sauti. Alinizungushia tepu shingoni kama fundi wa nguo. Binti yangu akacheka, kijana naye akacheka, nami nikadhani wanaicheka shingo yangu. Kumbe.

Haukupita muda mrefu kijana huyohuyo akaja kwetu na wazee wake kuomba mke. Binti yangu alikuwa ameniambia tu ni "mtu wa Meru, mtu mzuri, Mama utampenda." Wageni wakaketi, nikatoka kuwasalimu, nikamwona katikati ya wajomba zake, suti ya bluu, macho chini. Ngai! Mtu anayejua kilo zangu. Mtu anayejua naenda chooni mara ngapi. Nilisalimu wazee wake wote nikamruka yeye, nikarudi jikoni nikakaa juu ya debe la maji. Dada yangu akaniuliza kama presha imepanda. "Imepanda," nikasema.

Kijana ni mtu mzuri, sina neno baya juu yake hata leo. Lakini niliamua palepale juu ya lile debe kwamba kliniki ya Makutano sitaikanyaga tena.

Hapo ndipo uongo ulipoanza, tena ulianza ukiwa mdogo. Baada ya harusi binti yangu akanipigia simu. "Mama, anauliza utakuja lini kuangaliwa. Muda wako umefika." Mkwe hakunipigia mwenyewe, maana naye amelelewa. Maneno yetu yote yalipita kwa binti yangu. Nikasema, "Mwambie nimepata daktari Embu, nisimsumbue."

"Daktari gani?"

"Daktari. Kwani Embu hakuna madaktari?"

Ukweli ni kwamba Embu nilikuwa naenda kununua mbolea na kurudi. Kila mwaka mkwe wangu aliuliza, na kila mwaka mimi nilikuwa nimetoka tu kwa huyo daktari wa Embu. Siku nyingine nilimsifu hata, jinsi alivyo na subira na wazee. Mtu akizoea uongo anaanza kuupamba, si ndiyo?

Na sikujiona mwongo sana, kwa sababu nilikuwa na hoja zangu. Mashine ninayo. Naivaa. Hewa inatoka. Sasa daktari wa nini? Mtu akishanunua jembe hurudi kwa mhunzi kila mwaka kuulizwa kama linalima? Nilimwambia mzee wangu hivyo, akasema mimi ndiye niliyesoma. Na mashine ilipoanza kuchakaa, niliishughulikia mwenyewe. Kwetu kitu hakitupwi. Sufuria ikitoboka inazibwa, redio ikiachana inafungwa kwa mpira, na inaendelea kusoma habari. Mikanda ya maski ilipolegea, nilikata lastiki ya petikoti yangu kuukuu nikaishonea pale, mishono mizuri. Kile kisponji cha kuchuja vumbi kilipogeuka cheusi, nilikata kingine kwenye godoro. Ukingo wa maski ulipopasuka, niliuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, na hewa ilipotokea pembeni ikipiga mluzi, nikakaza lastiki zaidi. Nilijivuna kabisa. Nilidhani nawaonyesha watu wa hospitali kwamba hata mwalimu wa Kianjokoma ana akili.

Nilipostaafu nilinenepa. Ukishinda nyumbani sufuria iko karibu, na mimi githeri, mahindi na maharagwe yenye viazi, haijawahi kunishinda. Polepole usingizi wa mchana ukarudi. Asubuhi naamka kichwa kinagonga. Nikasema ni uzee. Nikasema ni vidonge vya presha nilivyokuwa nimeanza. Nikasema ni baridi ya mlimani. Nilisema yote isipokuwa lile moja. Na kumbuka mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimeiandika ubaoni, nimeeleza maana na matumizi, nimewasahihisha watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, na wengine nimewaadhibu kwa kutoielewa.

Kisha binti yangu akajifungua msichana wa pili. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, wa pili jina la mama wa mke. Kwa hiyo mtoto huyu ni mimi. Siwezi kueleza furaha hiyo kwa mtu asiyeijua. Walipomleta kwetu tumwombee, ua ulijaa watu, nami nikapewa mahali pa heshima, sahani ya pilau mapajani. Nikasinzia hapo hapo na kijiko mkononi. Nilipofumbua macho, mkwe wangu alikuwa ameketi upande wa pili akinitazama. Mara moja akageuza uso, akajifanya anaongea na mjomba wake.

Wageni walipokuwa wakiondoka binti yangu akanisogelea. "Mama, anauliza kama huyo daktari wa Embu amekuongezea nguvu ya hewa siku za karibuni."

"Mwambie wazee husinzia," nikamjibu. "Mwambie mimi ni bibi sasa, si msichana wa ngoma. Na ale vizuri kabla ya safari."

Binti yangu alicheka akaenda kumwambia. Niliwaona kwa mbali. Mumewe hakucheka.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, baridi yetu ile ya kuuma mifupa, ukungu umekalia majani chai mpaka saa nne. Binti yangu alikuwa amekuja kukaa nasi kidogo na yule mtoto, dada yake amebaki Meru, naye alikuwa ameanza kukaa mwenyewe na kutambaa hatua mbili tatu. Mkwe wangu angekuja kuwachukua mchana. Mzee wangu alikuwa amepeleka majani chai kituoni kupimwa. Binti yangu akashuka shamba la chini kuchimba nduma za kubeba. Kabla ya kwenda alinitazama akasema, "Mama, uko sawa? Unaonekana umechoka."

"Nilikulea wewe na ndugu zako," nikasema. "Nenda ukachimbe nduma."

Nikakaa na mtoto jikoni kwa sababu nyumba kubwa ilikuwa na baridi. Jiko langu ni lile la zamani, mafiga matatu, githeri inatokota, gunia limetandikwa chini. Nilikuwa kwenye kigoda, mtoto mapajani, nimemfunika shali. Nakumbuka nikimwimbia. Nakumbuka nikifikiri niongeze maji kwenye githeri. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Kilichoniamsha ni kilio, na nilipofumbua macho mkwe wangu alikuwa amesimama katikati ya jiko langu. Alikuwa ameinama akimwinua mtoto kutoka chini. Mtoto alikuwa ameteleza kutoka mapajani, akatambaa, akatia kiganja kwenye majivu ya moto. Alikuwa analia ile sauti ya mtoto aliyelia mpaka imemkauka.

Sasa nitasema nilichofanya, na kukisema ni kugumu kuliko mengine yote. Mdomo wangu ulikuwa wazi, umelowa. Kitambaa kilikuwa kimeanguka, mvi zangu zote nje mbele ya mkwe wangu. Na mimi niliinama kutafuta kitambaa. Mtoto mwenye jina langu kiganja kimeungua, naye yuko hatua moja kutoka kwangu, na mimi napapasa chini kutafuta kitambaa. Nilikipata, nikakung'uta majivu, nikajifunga, nikakaza fundo. Ndipo nikauliza, "Ameumia?"

Mkwe wangu alitoka na mtoto mpaka kwenye mtungi wa maji uani, akamwagia mkono maji baridi, akaendelea kumwagia, akisema naye kwa Kimeru kwa sauti ya chini. Nilifika mpaka mlangoni nikasimama hapo. Binti yangu alikuja akikimbia kutoka chini, udongo mpaka magotini, maana kilio kilikuwa kimefika huko bondeni. Alimnyakua mtoto, akaufungua ule mkono, akautazama. Kisha akanitazama mimi mlangoni mwa jiko. Nilitamani anitukane. 

Tulikaa sebuleni, mkono wa mtoto umefungwa bandeji safi kutoka kwenye sanduku la dawa ndani ya gari la baba yake. Alikuwa ananyonya na kushtuka kwa kwikwi. Binti yangu akauliza bila kuinua uso, "Mama. Huyo daktari wa Embu, jina lake nani?"

Nikatafuta jina. Haki, nilitafuta jina, wakati ule bado nilikuwa tayari kudanganya. Halikuja.

"Hospitali gani basi? Iko upande gani?"

"Iko huko juu..."

"Juu wapi?"

"Hakuna daktari," nikasema.

Akampa mumewe mtoto, akaingia chumbani kwangu, akatoka na mashine yote, bomba linaning'inia, akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe vya chai. Woi. Lastiki ile ilikuwa ya petikoti ya pinki, na kipande cha lesi kilikuwa bado kimeshikilia, sikuwa nimeona haja ya kukikata. Mkwe wangu alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaichukua maski. Aliigeuza. Alishika lastiki ya petikoti yangu kwa vidole vyake, akashika kile kipande cha tyubu, akavuta kile kisponji cha godoro. Mimi nilikuwa natazama sakafu nikiomba nife kwa njia yoyote ya haraka. Nimezaa watoto, nimezika wazazi, nimestaafu kazi mbele ya mgeni wa heshima aliyekosea jina langu, lakini sijawahi kuaibika vile.

"Hii inatoa hewa yote nje," akasema. Alikuwa anaiambia maski, si mimi. "Ni kama alikuwa analala bila kitu chochote."

Binti yangu akasema, "Miaka yote hii ulikuwa unatudanganya?"

Nikasema ndiyo. Nikasema nilimwonea mumewe aibu. Nikasema ningekaaje mbele ya mkwe wangu nimwambie nakoroma. Nilisema hayo yote nikilia, kwa Kiembu, maana Kiswahili changu chote cha ualimu kilikuwa kimenitoroka.

Mkwe wangu akaweka maski mezani taratibu. "Hata mimi nina langu," akasema, na sasa alikuwa anasema na mke wake. "Nilijua. Tangu ile siku ya maombi nilijua mashine haifanyi kazi. Niliona anavyosinzia, niliona macho yake. Mgonjwa mwingine ningempigia simu kesho yake, ningemfuata mpaka kwake. Lakini nilijiambia, mama amesema ana daktari, mimi ni nani nimwite mwongo?" Kisha akasema jambo ambalo hatukuwa tunalijua. "Na leo. Nilifika nikapiga hodi nyumba kubwa, hakuna mtu. Nikasikia mtoto analia jikoni. Nikaenda mpaka mlangoni nikapiga hodi. Nikamsikia mama anakoroma. Nikapiga hodi tena. Nilisimama pale nje, mtoto wangu analia ndani, nikipiga hodi."

Nje jogoo wetu aliwika saa mbaya kama kawaida yake. Binti yangu alitutazama, mmoja baada ya mwingine, na sijawahi kuona uso wake hivyo.

"Nyinyi wawili," akasema. "Mngemzika mwanangu kwa heshima."

Wakaondoka mchana huohuo. Nduma zilibaki uani kwenye karai. Mzee wangu aliporudi nilimweleza yote isipokuwa habari ya kitambaa, naye hakutania. Alikaa karibu nami muda mrefu akivunja vijiti.

Jumatatu nilienda Makutano. Mkwe wangu alikuwa amenitafutia daktari mwanamke anayefanya kazi naye, mama wa makamo, mcheshi, mwenye sauti ya mtu wa sokoni. Nilitoa mashine kwenye kiondo nikaiweka mbele yake na lesi yake, sikuificha. Aliishika akacheka kwa nguvu mpaka akafuta macho. "Mama, ungekuwa fundi wa ndege," akasema. Kisha akaacha kucheka, akanisomea yale ambayo mashine ilikuwa imehifadhi ndani yake. Kila saa niliyolala nilikuwa nakata pumzi tena na tena, karibu kama nilivyokuwa kabla sijapata mashine. Moyo wangu ulikuwa umeanza kuchoka, na ndiyo sababu presha ilikuwa haishuki.

Nikamuuliza swali langu la miaka yote, ingawa nilijua sina tena haki ya kuliuliza. Mtu akishapata mashine yake na anaivaa kila siku, daktari wa nini?

"Mashine inapuliza ilivyoambiwa," akasema. "Haijui kama umenenepa. Haijui kama maski imepasuka, haijui umeanza vidonge vingine, haijui moyo wako ukoje. Lazima kuwe na mtu wa kuyajua hayo, na wewe mwenyewe huwezi, kwa sababu yanapotokea umelala. Sasa hapo nani atakuambia?"

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwepo wa kuniambia. Alikuwepo mtu aliyenitazama nikisinzia na sahani ya pilau mapajani, akajua, na mimi nikamtumia salamu kwamba ale vizuri. Nilichukua maski mpya, nguvu ya hewa ikaongezwa, nikapewa siku ya kurudi karibu sana, halafu nyingine. Nimekuwa nikienda. Wakati mwingine wanapunguza, wakati mwingine wanabadilisha kitu kidogo, wakati mwingine wanasema tu niendelee hivyohivyo. Kila nikipita kwenye ule ukumbi wa kungojea naona aibu mpya, maana wauguzi wote wanajua mimi ni mama mkwe wa daktari, na nadhani wote wameisikia habari ya lesi.

Kiganja cha mtoto kimepona. Imebaki ngozi iliyovutika kidogo chini ya kidole kidogo, inayong'aa. Binti yangu anasema haimsumbui. Lakini tangu siku ile hajaniachia mtoto nikiwa peke yangu, hata kwa muda wa kwenda chooni. Akiondoka anamchukua, au anamwita mzee aje akae. Anafanya hivyo kwa upole, anasema, "Baba, njoo ukae na hawa wawili," kana kwamba sote ni watoto. Sijamwambia kitu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo, na pengine nisingekuwa na upole.

Majuzi walikuja baada ya kanisa. Tulikuwa barazani wote, chai na mihogo, jua limetoka vizuri. Mtoto sasa anatembea, na alinijia moja kwa moja akainua mikono. Nikamtazama binti yangu. Akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Nikampakata. Alikuwa mzito, ananuka mafuta ya watoto, akaanza kuchezea vifungo vya blauzi yangu akivihesabu kwa lugha yake. Sidhani kuna kitu duniani nilichokuwa nakitaka zaidi ya kuachwa nikae hivyo.

Na hapo nikausikia usingizi unakuja. Naujua: kope zinakuwa nzito, sauti za watu zinaenda mbali. Kwa miaka nilijua dawa yake. Unajifinya paja, unauma ulimi, unauliza swali lolote ili usikie sauti yako, na hakuna atakayejua. Watu walikuwa wanaongea juu ya bei ya majani chai. Hakuna aliyekuwa ananitazama.

"Nasinzia," nikasema. "Mchukueni mtoto."

Binti yangu alisimama haraka akamtoa mikononi mwangu. Mkwe wangu akaweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza tangu alete wazee wake kwetu, akanitazama usoni, mimi, si ukuta nyuma yangu.

"Tangu lini, Mama?"

"Wiki iliyopita," nikasema. "Na asubuhi kichwa kimeanza tena."

Akauliza maski inakaaje. Akauliza kama naamka koo limekauka, kama nimeongeza kilo, kama naamka kwenda haja. Nikajibu yote, mbele ya mzee wangu na binti yangu, mkwe na mama mkwe tukizungumzia choo barazani mchana kweupe, aibu ikinichoma mpaka masikioni. Mtoto alikuwa analia, akinyoosha mikono arudishwe kwangu.